Msumeno wa Mnyororo Unapogoma: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo Katika Mazingira ya Dodoma

Msumeno wa mnyororo, ambao wengi wetu tumezoea kuuita chensoo, hutoa taarifa kabla haujagoma. Unga wa mbao hubadilika, mlio hupanda au hushuka, moshi huongezeka, kamba ya kuwashia huwa nyepesi mkononi kuliko jana. Mwendeshaji anayezisoma dalili hizo humaliza tatizo kwa nusu saa, akiwa na bisibisi na brashi. Asiyezisoma huongeza nguvu za mikono na kuukandamiza msumeno ndani ya gogo, na hapo ndipo injini inapoungua au mguu unapokatwa. Kwa sababu hiyo, katika maelezo yanayofuata sitenganishi ubovu wa mashine na usalama wa mtu anayeishika.

Nimeandika nikiwa na Dodoma akilini. Mji wetu uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo huja miezi mingi ya upepo mkavu na vumbi jekundu linalopenya hata kwenye kabati lililofungwa. Vitabu vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la msumeno havikuandikwa kwa ajili ya vumbi hili wala kwa ajili ya mwinuko huu, na sehemu kubwa ya matatizo ninayoletewa huanzia katika mambo hayo mawili.

Kabla ya kugusa chochote, zima injini, acha ekzosi ipoe, na ukitaka kushika mnyororo vaa glavu na uchomoe kofia ya plagi. Mnyororo uliosimama bado unaweza kukukata. Usijaze mafuta injini ikiwa ya moto, na ukishajaza sogea angalau mita tatu kabla ya kuwasha. Kati ya Julai na Oktoba usiuweke msumeno uliotoka kazini juu ya nyasi kavu, kwa kuwa ekzosi yake inatosha kuwasha moto utakaokushinda kuuzima.

Mnyororo unazunguka hata bila kubonyeza mafuta

Naanza na dalili hii kwa sababu ndiyo ambayo watu huizoea, ilhali ndiyo ya hatari zaidi. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kubonyezwa mafuta, mnyororo unatakiwa usimame kabisa. Ukizunguka, hata polepole, maana yake kila unapohama kutoka tawi moja kwenda jingine umebeba kisu kinachotembea karibu na paja lako.

Chanzo cha kwanza ni sailensa iliyopandishwa mno. Tafuta skrubu iliyoandikwa LA au T, uizungushe kinyume cha mwendo wa saa kidogo kidogo hadi mnyororo usimame. Iwapo injini itazimika kabla mnyororo haujasimama, usiipandishe tena ili kuficha tatizo. Safisha kwanza chujio la hewa, kisha urekebishe upya. Wengi huipandisha sailensa kwa sababu chujio limeziba na injini inazimika ovyo, na hivyo wanatibu ugonjwa mmoja kwa kuzalisha mwingine mbaya zaidi.

Kama skrubu haibadilishi kitu, angalia klachi. Ndani yake mna springi ndogo zinazovuta vipande vya klachi visiguse ngoma. Springi ikikatika au ikilegea, ngoma huzungushwa muda wote. Chanzo cha tatu ni hewa inayoingia pasipostahili, kwenye mpira ulio kati ya kabureta na injini au kwenye sili za mhimili wa injini. Hapo sailensa hupanda na kushuka yenyewe. Msumeno wa namna hiyo usifanye kazi hata siku moja zaidi, kwani hewa hiyo hupunguza uwiano wa petroli, na pamoja na petroli hupungua oili inayolainisha pistoni.

Breki ya mnyororo haishiki

Kila asubuhi, kabla ya kukata tawi la kwanza, weka msumeno chini kwenye ardhi thabiti, ushike kwa mikono yote miwili, upige resi kwa sekunde moja au mbili, kisha usukume kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mpini. Mnyororo unatakiwa usimame papo hapo. Ukichelewa, fungua kifuniko cha pembeni. Mara nyingi utakuta unga wa mbao uliochanganyika na oili umegandamana kama tope kuzunguka utepe wa breki; ukisafishwa, breki hurudi. Iwapo ni safi na bado haishiki, utepe umelika na hauna budi kubadilishwa.

Breki hii ipo kwa ajili ya tukio moja hasa. Robo ya juu ya ncha ya upanga, yaani lile bamba la chuma linalobeba mnyororo, ikigusa tawi au gogo lililojificha, msumeno hurushwa juu na nyuma kuelekea usoni kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuiwahi. Kushika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikiwa kimeuzunguka mpini, na kusimama pembeni kidogo ya mstari wa upanga, ndivyo vinavyoipa breki nafasi ya kukuokoa. Usikate kitu kilicho juu ya mabega yako, na usikate ukiwa juu ya ngazi.

Injini haiwaki kabisa

Hakikisha swichi iko mahali pake. Wapo waliofungua kabureta nzima kumbe swichi ilikuwa imezimwa. Kisha chomoa plagi uitazame, kwa kuwa ndiyo itakayokwambia uelekee wapi.

Plagi ikiwa imelowa na kunuka petroli, umeizamisha injini kwa kuvuta kamba mara nyingi choki ikiwa imefungwa. Zima swichi, fungua choki, geuza msumeno tundu la plagi litazame chini mbali na uso wako, uvute kamba mara sita hadi kumi. Kausha plagi kwa kitambaa, irudishe, uwashe bila choki. Kosa hili hutokea zaidi kwa msumeno wenye moto: injini ilikuwa inafanya kazi, umeizima kwa dakika tano kunywa maji, ukarudi ukavuta choki kana kwamba ni alfajiri. Injini ya moto haihitaji choki.

Plagi ikiwa kavu baada ya kuvuta mara nyingi, mafuta hayafiki. Ndani ya tangi mna chujio dogo lililofungwa mwishoni mwa mpira. Livute nje kwa waya uliopindwa kama ndoano. Likiwa jeusi au gumu, badilisha. Kagua na mpira wenyewe, maana joto huukausha ukapasuka karibu na kiungo, na ufa huo hauonekani mpaka uukunje. Baada ya hapo mshukiwa ni kabureta, ambamo mna ngozi nyembamba inayopampu mafuta. Ikikaa miezi na petroli ya zamani hukakamaa na kuacha kucheza.

Plagi ikiwa nyeusi na yenye masizi, isafishe kwa brashi ya waya na upime nafasi yake. Kwa misumeno mingi ni milimita 0.5. Ukitaka kuona kama inatoa cheche, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, tundu likiwa limefunikwa kwa kitambaa, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka hapo huwaka kwa cheche hiyo hiyo.

Yafaa niseme jambo kuhusu mafuta yenyewe. Injini hizi hazina oili yake ya pekee. Hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Oili nzuri ya mipigo miwili, iliyotengenezwa kwa uwiano wa 50 kwa 1, huhitaji mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Zile za kawaida hutumika kwa uwiano wa 25 kwa 1, yaani mililita 200 kwa lita hizo 5. Fuata maandishi ya chupa pamoja na kitabu cha msumeno wako, na upime kwa chombo chenye alama, si kwa kifuniko wala kwa jicho. Oili ya gari haifai hapa hata ikiwa mpya. Petroli nunua kituoni, changanya inayotosha mwezi mmoja tu, na utikise dumu kila unapojaza. Petroli ya chupa za barabarani imeniletea maji ndani ya tangi zaidi ya mara moja.

Inawaka, lakini haina nguvu

Hapa ndipo Dodoma inapojitokeza. Injini inawaka na kulia vizuri kwenye sailensa, ila ukiigusisha kwenye gogo inakabwa, inapiga misi na kutoa moshi mweusi. Katika miezi ya kiangazi, nenda moja kwa moja kwenye chujio la hewa. Vumbi letu ni laini kama unga wa mtama, na likikutana na mvuke wa oili hugeuka kuwa gamba. Injini hukosa hewa, petroli inazidi, masizi hujaa.

Likung'ute chujio kwa wepesi mbali na injini, na kabla ya kulitoa funga choki ili uchafu usidondokee ndani ya kabureta. La wavu au la nailoni lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa kivulini. Ukitumia upepo wa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unasukuma vumbi liingie zaidi. Baada ya hapo linyanyue uelekeze kwenye mwanga. Tundu dogo unaloliona hapo ni njia ya mchanga kuingia hadi kwenye silinda, ambako husugua pistoni na ringi mpaka mgandamizo unakwisha. Dalili ya kuwa umechelewa ni ile kamba niliyoitaja mwanzo: inavutika kwa wepesi, bila ule upinzani unaousikia kiganjani. Wakati wa kazi za kiangazi mimi husafisha chujio kila ninapomaliza matangi mawili ya petroli, bila kusubiri dalili.

Chujio likiwa safi na tatizo likabaki, fikiria mwinuko. Hewa ya mita 1,100 ni pungufu kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam ukifika huku hupokea petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana. Msumeno wangu wa kwanza niliununua Dar es Salaam, ukarekebishwa mbele yangu, ukalia vizuri sana. Nilipoufikisha Dodoma ulitoa moshi na kuzubaa. Fundi wa huku aliibana kidogo skrubu ya H ya kabureta, ile inayopima petroli injini ikiwa kwenye kasi kubwa, chini ya robo mzunguko, ukapona. Miezi kadhaa baadaye niliuchukua hadi Bagamoyo kusafisha shamba la ndugu, bila kukumbuka kuirudisha skrubu ile. Pale chini hewa ni nzito, petroli ikawa haba, injini ikalia kwa sauti nyembamba ya juu ambayo mimi niliidhania kuwa ni nguvu. Kabla ya adhuhuri ilinoki. Tulipoifungua, ubavu wa pistoni ulikuwa na mikwaruzo mirefu ya wima upande wa ekzosi, kama iliyochorwa kwa msumari.

Kwa hiyo kumbuka pande zote mbili. Ukipanda na msumeno, kosa litakuwa moshi na uzito. Ukishuka nao, kosa halitoi moshi, bali linaua injini. Skrubu za H na L (hii ya pili hupima petroli ya kasi ndogo) zisiguswe kwa kubahatisha. Misumeno mingi ya sasa ina vizuizi vinavyozuia skrubu kuzungushwa mbali, na baadhi hujirekebisha yenyewe kwa umeme. Usivunje vizuizi hivyo. Bila kipimo cha mizunguko, kazi hiyo mwachie fundi anayekifahamu.

Sababu mbili za mwisho ni nyepesi. Msumeno unaofanya kazi dakika kumi ukazimika, kisha ukawaka tena baada ya kulegeza kifuniko cha tangi na kusikia hewa ikifyonzwa, una tundu la kupumulia la tangi lililoziba. Na ule usiopanda resi hata ufanyeje unaweza kuwa na wavu wa ekzosi uliojaa masizi. Utoe, uupige brashi, uurudishe. Usiutupe, kwa kuwa ndio unaozuia cheche kurukia nyasi.

Mnyororo unazunguka vizuri, lakini haukati

Tazama kinachodondoka chini. Mnyororo mkali hutoa vipande, vidogo kama makapi ya mahindi. Mnyororo butu hutoa unga. Ukiona unga, na ukijikuta unausukuma msumeno badala ya wenyewe kujivuta ndani ya mti, acha kukata. Kusukuma huchosha mikono, huchemsha upanga, na mkono uliochoka ndio unaoteleza.

Mbao za huku hufubaza meno upesi. Mgunga ni mgumu, mpingo mgumu zaidi, na gogo lililoburutwa hubeba mchanga ndani ya ganda lake. Libandue ganda hilo kwa panga pale unapotaka kukata. Mjini kuna adui mwingine. Miarobaini ya mitaani imepigiliwa misumari ya vibao vya vyumba vya kupanga na vya mafundi kwa miaka mingi, na mti hukua ukaimeza. Mwarobaini mmoja wa Chang'ombe ulinigharimu mnyororo mpya kabla sijafika katikati ya shina. Tangu siku hiyo huupapasa mti mzima kwa kiganja, kuanzia magotini hadi juu ya kichwa, nikitafuta kovu lililovimba au doa jeusi linaloachwa na kutu, na penye shaka nahamisha mkato. Vijijini angalia waya za mizinga ya nyuki kwenye matawi, na uangalie pia kama mzinga una nyuki.

Kunoa hufanywa kwa tupa ya mviringo yenye kipenyo kinacholingana na mnyororo: milimita 4.0 kwa minyororo midogo ya misumeno myepesi, 4.8 kwa ile ya kipimo cha inchi .325, na 5.2 au 5.5 kwa ile mikubwa ya inchi 3/8. Banisha upanga, fuata mstari wa pembe uliochongwa juu ya jino, ambao kwa kawaida ni nyuzi 30, na usukume tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje. Tupa hukata inapokwenda mbele tu, inaporudi inyanyue. Hesabu misukumo, na kila jino lipate sawa na mwenzake. Ukipata jino lililojeruhiwa na msumari, lipake alama na ulinoe hadi kidonda kiishe, kisha uyashushe mengine yote yalingane nalo.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachoamua jino liume kwa kina gani. Jino likipungua kwa kunolewa, kinundu hubaki juu, na mnyororo mkali hutelezea mti bila kuuma. Baada ya kunoa mara nne au tano, weka kipimo juu yake na upunguze kinachojitokeza kwa tupa bapa, kibaki chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65. Usizidishe kwa tamaa ya kukata haraka. Kinundu kikiwa chini mno, jino huuma kuliko injini inavyoweza, na msumeno huruka.

Msumeno unaokata kwa kupinda una meno marefu upande mmoja kuliko mwingine, au upanga wake umelika kingo. Usimamishe upanga juu ya meza tambarare. Ukilala upande bila kushikwa, kingo hazilingani. Kuugeuza upanga juu chini kila unapobadilisha au kunoa mnyororo huchelewesha jambo hilo.

Moshi unatoka kwenye upanga

Hii ni kiu ya oili. Shika msumeno ncha yake ikiwa sentimita 20 juu ya kipande cha boksi, upige resi. Mstari wa oili unatakiwa ujichore juu yake. Usipouona, safisha mfereji wa upanga kwa kipande cha bati chembamba, kisha tundu dogo la oili lililo kwenye shina la upanga, ambalo ndilo huziba kwanza. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari haifai hapa ijapokuwa wengi huitumia: imebeba chembe za chuma zinazokwangua pampu, na haina unato, hivyo hurushwa yote mnyororo unapopinda kwenye ncha. Tangi la oili linatakiwa likaribie kuisha pamoja na tangi la petroli. Likibaki limejaa ilhali petroli imekwisha, pampu haivuti.

Mnyororo unachomoka au unakaza

Mnyororo mpya hurefuka. Ukague kila baada ya mikato michache ya mwanzo. Nyanyua ncha ya upanga, kaza skrubu ya mvutano mpaka mnyororo uguse upanga upande wa chini, na bado uweze kuuzungusha kwa mkono ulio na glavu, breki ikiwa imeachiliwa. Ukiendelea kuchomoka baada ya hapo, kagua gurudumu la meno linalouendesha. Likiwa na mabonde, badilisha, kwa kuwa gurudumu bovu humaliza kila mnyororo mpya unaouweka.

Jambo la pembeni lisilo la mashine, lakini sina amani nikiliacha. Nyua nyingi za huku ni za minyaa, na wapo wanaoikata kwa msumeno wa mnyororo kwa sababu ni laini. Mnyororo huyarusha maziwa yake hewani kama mvua, nayo yakiingia jichoni huunguza na yanaweza kukupofusha kwa siku kadhaa. Minyaa ikatwe kwa panga, ukiwa umevaa miwani iliyofunika pande zote na upepo ukiwa mgongoni mwako. Yakiingia, osha jicho kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kofia yenye wavu wa uso, kinga ya masikio na suruali yenye nyuzi za kuusimamisha mnyororo huonekana mzigo kwenye jua letu la saa saba. Anza kazi saa kumi na mbili asubuhi, umalize kabla ya saa tano, na hutakuwa na sababu ya kuvivua.

Kazi ikiisha, ulegeze mnyororo ungali wa moto kabla ya kuufunika. Ulioukaza ukiwa umetanuka kwa joto husinyaa usiku, ukauvuta mhimili wa injini, na asubuhi utakuta mnyororo mgumu usiozunguka kwa mkono. Kama hutautumia kwa zaidi ya mwezi, mimina petroli yote, uwashe injini hadi izimike yenyewe kwa kukosa mafuta, usafishe chujio, na uuhifadhi mahali ambapo vumbi la Agosti halifiki.